Pier Giorgio Frassati, Mwanafunzi na Raia

Watu wengi humjua Pier Giorgio Frassati kwa picha zake za milimani: kijana mwenye afya, kiko mdomoni, uso wenye furaha. Baba Mtakatifu Leo XIV alipomtangaza kuwa mtakatifu, tarehe 7 Septemba 2025, picha hizo zilienea mahali pengi. Ni picha njema. Lakini zaficha jambo moja tunalopenda kuwakumbusha vijana wa vyuo vikuu, maana mara nyingi twawasikia wakisema kwamba siasa ni uchafu wa wakubwa, na kwamba mitihani haiwaachii nafasi ya kujiandikisha wala ya kupiga kura.

Frassati alizaliwa Torino, kaskazini ya Italia, tarehe 6 Aprili 1901. Baba yake, Alfredo, alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, tena seneta, na baadaye balozi huko Berlin. Kijana wa nyumba kama hiyo angaliweza kuishi miaka yake yote bila kujua bei ya mkate. Yeye alichagua uhandisi wa migodi katika Politecnico, chuo kikuu cha ufundi cha Torino, kwa kuwa alitamani kufanya kazi karibu na wachimbaji. Wala hakuwa na kipaji cha ajabu darasani. Masomo yalimtaabisha sana. Twalitaja hili kwa makusudi, ili asiwepo wa kusema kwamba huyo alikuwa na wakati wa kuchezea.

Mwaka 1918 alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akawa akiwatembelea maskini wa mji. Pesa za nauli aliwapa wao, akarudi nyumbani mbio kwa miguu. Lakini mkate wa leo huliwa leo. Kodi ya nyumba, ujira wa kibarua na hali ya viwanda hutegemea sheria, na sheria hutungwa na watu waliochaguliwa. Kwa hiyo mwaka 1920 Frassati akaingia Chama cha Popolari, alichokianzisha padre Luigi Sturzo mwaka 1919. Baba yake alikuwa Mliberali. Mwana hakukifuata chama cha baba.

Msomaji akumbuke kwamba jambo hilo lilikuwa geni. Tangu mwaka 1868 Wakatoliki wa Italia walikuwa wameelekezwa wasishiriki uchaguzi wa bunge, kwa sababu ya ugomvi kati ya Kanisa na serikali mpya. Katazo hilo lililegezwa kidogo kidogo, likaondolewa kabisa mwaka 1919. Kura, basi, ilikuwa kitu kipya mikononi mwa watu wake, naye aliithamini kabla hajawa na haki nayo: uchaguzi wa mwaka 1921 ulimkuta na miaka 20, na sheria ilidai 21. Hata hivyo alikifanyia chama chake kazi ndogo ndogo wanazozikwepa wasomi, kama kubandika matangazo kutani.

Mwezi Septemba mwaka uo huo, huko Roma, askari waliyashambulia maandamano ya vijana Wakatoliki. Frassati aliing'ang'ania bendera, akakamatwa pamoja na wenzake. Walipotambua kwamba ni mwana wa balozi walitaka kumwachilia. Akakataa kutoka peke yake.

Mussolini alishika serikali Oktoba 1922, na Popolari wakakubali kuingia ndani yake. Frassati alikasirika mno, akamwandikia rafiki yake kwamba chama kimeyasahau yale kiliyoyaahidi. Mwaka uliofuata Mussolini aliitembelea Torino, na chama cha wanafunzi Wakatoliki kikatundika bendera kumheshimu. Frassati akaandika barua ya kujiuzulu. Si kila msimamizi wa vijana angempenda mwanachama wa namna hiyo, twakiri.

Uchaguzi mkuu wa kwanza uliomkuta na umri wa kupiga kura ulifanyika tarehe 6 Aprili 1924, siku ile ile alipotimiza miaka 23. Haukuwa uchaguzi wa haki. Sheria mpya iliwapa washindi theluthi mbili ya viti ikiwa wamepata robo tu ya kura, na Mafashisti walitumia fimbo na vitisho. Mbunge Giacomo Matteotti alipoyashutumu hayo bungeni, alitekwa na kuuawa tarehe 10 Juni. Siku kumi na mbili baadaye kundi la Mafashisti likaivamia nyumba ya akina Frassati. Pier Giorgio aliwakabili kwa ngumi, wakakimbia.

Alikufa kwa ugonjwa wa polio tarehe 4 Julai 1925, amebakiza mitihani miwili tu. Jamaa zake walishangaa kuona umati wa maskini wasiowajua ukimsindikiza kaburini.

Mwaka 1926 vyama vyote vya upinzani vikapigwa marufuku. Wenzake wa Politecnico walihitimu, wakaoa, wakalea watoto, nao wakangoja hadi tarehe 2 Juni 1946 kupiga tena kura huru ya taifa zima. Siku hiyo wanawake wa Italia walisimama nao katika mstari, kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa. Frassati angalikuwa na miaka 45.