Yule Kadinali Ukutani kwa Shosho

Ukiingia sebuleni kwa shosho wangu hapa Ngoingwa, wa kwanza kukukazia macho ni mzee aliyechorwa kwa rangi, kofia nyekundu kichwani, msalaba kifuani. Miaka mingi nilidhani ni Papa. Kumbe ni Kadinali Maurice Otunga. Kama humjui usione haya, hata mimi nimemjua juzi tu.

Alizaliwa Januari 1923 huko Bungoma, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja, mzee wa wake wengi na sauti kubwa enzi za mkoloni. Angeweza kukalia kiti cha babake. Akakataa, akaenda seminari. Mwaka wa 1950 akapewa upadri Roma. 1971 akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, jimbo ambalo hata Thika yetu iko ndani yake. 1973 akawa Mkenya wa kwanza kuwa kadinali.

Sasa sikia penye moto. Mwaka wa 1996, ukimwi ukimaliza watu, Otunga aliongoza waumini jijini Nairobi kuchoma kondomu na vitabu vya kufundisha vijana mambo ya ngono. Kwake yeye kinga ilikuwa kujizuia na kuwa mwaminifu kwa ndoa, basi. Waliokuwa wanapigana na ukimwi walimlaumu sana. Miaka mitatu baadaye serikali ikatangaza ugonjwa huo janga la kitaifa.

Lakini ngoja, usimhukumu bado. Alipostaafu 1997 hakutafuta jumba la kifahari. Alienda kuishi Nyumba ya Wazee, Kasarani, pamoja na wazee maskini wanaotunzwa na masista. Ukipanda mathree ya Thika kwenda tao, unapita mitaa hiyo hiyo. Alifariki 6 Septemba 2003, na baadaye Kanisa likaanza safari ya kumtangaza mtakatifu.

Kando ya mchoro huo shosho ametundika picha ndogo ya anko wangu, kifungua mimba wake. Ukimwi ulimchukua 1998. Siku moja nilimuuliza shosho mbona asitoe ile ya kadinali. Hakunijibu. Alinituma jikoni nikachemshe chai.

Mimi ule moto bado unaniuma. Na bado namheshimu mtu aliyeacha uchifu na kuzeekea kwa maskini. Wewe je, ungekuwa shosho, ungemwacha pale ukutani?