Marcello Malpighi, daktari aliyeziona njia za damu

Sisi mafrateri wa falsafa huulizwa mara nyingi na waamini huko parokiani: miaka yote hiyo ya falsafa ni ya nini? Maisha ya Marcello Malpighi yanatusaidia kujibu.

Alizaliwa Machi 1628 huko Crevalcore, karibu na Bologna, Italia. Mwaka huohuo daktari Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kueleza kwamba moyo huisukuma damu, nayo huzunguka na kurudi. Lakini damu huvukaje kutoka mishipa inayotoka moyoni hadi ile inayorudi? Harvey alifariki mwaka 1657 bila kuiona njia hiyo.

Malpighi alianza na falsafa ya Aristotle, kisha akasomea utabibu na kuhitimu mwaka 1653. Mwaka 1661 alitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaona mishipa myembamba mno ikiunganisha pande zote mbili. Swali la Harvey likapata jibu.

Baadaye alichunguza mayai yaliyoatamiwa, akaona mishipa ya damu ikijitokeza hatua kwa hatua. Aliona inakua; kinachoiamuru ikue hakukijua. Leo tunajua kwamba protini zina kazi kubwa hapo. Seli zikipungukiwa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, na mshipa wa jirani huchipua tawi kuelekea huko. Protini nyingine huzuia. Mizani hiyo ikikaa sawa, kidonda hupona. Ikipotoka, uvimbe wa saratani hujivutia damu.

Malpighi hakukosa msalaba. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua pamoja na hadubini na maandishi yake. Baadhi ya madaktari wenzake walidai kwamba kuchungulia vitu vidogo hivyo hakumponyi mgonjwa yeyote. Aliendelea. Mwaka 1691 Papa Inosenti XII alimwita Roma awe daktari wake, na huko alifariki Novemba 1694.

Wapinzani wake walitaka faida ya siku ileile. Leo madaktari wanaozuia mishipa inayolisha saratani wanatembea katika njia aliyoifungua. Basi, wapendwa, falsafa hutufundisha kuuliza vizuri na kuvumilia, hata kama jibu litavunwa na wengine.