Ferdinand Porsche: Fundi aliyeoanisha petroli na umeme

MAGARI ya mseto, yaani yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, hudhaniwa na wengi kuwa uvumbuzi wa Wajapani wa miaka ya 1990. Usione vyaelea, vimeundwa. Gari la aina hiyo liliundwa mjini Vienna, Austria, mwaka 1900, na kijana wa miaka 25 aliyeitwa Ferdinand Porsche.

Porsche alizaliwa Septemba 3, 1875, huko Maffersdorf, katika eneo la Bohemia ambalo leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Babake, fundi wa mabati, alitarajia mwanawe arithi kazi hiyo. Lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye umeme. Mwaka 1893 alihamia Vienna na kuajiriwa na kampuni ya vifaa vya umeme, bila shahada yoyote ya uhandisi.

Baadaye alijiunga na Lohner, kampuni iliyotengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Gari lake la umeme lilionyeshwa Paris mwaka 1900. Mota zilikuwa ndani ya magurudumu ya mbele, hivyo halikuhitaji gia wala minyororo. Hata hivyo, betri zilikuwa nzito na ziliishiwa nguvu upesi. Ndipo akaunda Semper Vivus, jina la Kilatini lenye maana ya hai daima. Injini mbili za petroli zilizungusha jenereta, nazo zikazalisha umeme wa kuendesha mota na kujaza betri.

Ubunifu huo ulikuwa na gharama yake. Kila gurudumu la mbele, pamoja na mota yake, lilikuwa na uzani wa zaidi ya kilo 250, na hayo ndiyo magurudumu yaliyopaswa kukata kona. Dereva hakuwa na msaada ila nguvu za mikono yake. Magari hayo yalikuwa ghali pia, na mwaka 1906 Porsche alihamia Austro-Daimler.

Toyota Prius ilipouzwa Japani mwaka 1997, usukani wake ulisaidiwa na mota ya umeme, kwani injini ya gari la mseto huzimika mara kwa mara safarini na haiwezi kutegemewa kuendesha pampu ya usukani. Umeme uliomlemea dereva wa 1900 sasa ukawa unampunguzia kazi.

Mwaka 1931 Porsche alifungua ofisi yake Stuttgart. Mwaka 1934 alikubali kuisanifia serikali ya Hitler gari la wananchi, Volkswagen, na mwaka 1937 akajiunga na chama cha Nazi. Wakati wa vita, kiwanda cha Volkswagen, ambacho alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kiliwatumikisha maelfu ya watu kwa nguvu, wakiwemo wafungwa. Wazo lake la injini na jenereta lilirejea katika gari la kuharibu vifaru lililopewa jina lake, Ferdinand, lililopigana Kursk mwaka 1943.

Wafaransa walimkamata Desemba 1945, wakamzuilia hadi 1947. Alifariki Januari 30, 1951.

Wakenya waliishangilia Volkswagen iliposhinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Sifa za fundi huyo ni za haki, ila wale waliotumikishwa kiwandani humo nao wanastahili kutajwa kila sifa hizo zinaposimuliwa.