Historia: Steve Jobs, mtu aliyeifunga kompyuta kusudi iwe nyembamba

Mwanafunzi anayetafuta laptopu ya okazio katika maduka ya Bukavu, Goma, Uvira ao Butembo husikia kwa fundi majibu mawili. Mashini moja inaweza kuongezewa memoari na kubadilishwa diski kwa dakika chache. Nyingine haiguswi: jinsi ilivyotoka kiwandani ndivyo itakavyobaki mpaka kufa. Mara nyingi hii ya pili ndiyo nyembamba, nyepesi na ya kupendeza macho.

Tofauti hiyo haikuja yenyewe. Sehemu kubwa ya historia yake inapitia kwa mtu mmoja, Mmarekani Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aliyefariki tarehe 5 oktoba 2011 akiwa na umri wa miaka 56.

Mtoto wa fundi

Steve Jobs alizaliwa tarehe 24 februari 1955 huko San Francisco, katika jimbo la California. Wazazi waliomlea, Paul na Clara Jobs, walimchukua angali mtoto mchanga. Paul alikuwa fundi wa mashini. Nyumbani alinunua magari ya zamani, akayafungua, akayatengeneza na kuyauza tena.

Baba huyo alimfundisha kijana wake jambo ambalo hakulisahau: upande wa nyuma wa ua ao wa kabati unapaswa kutengenezwa vizuri kama wa mbele, hata kama hakuna mtu atakayeuona. Kwa hiyo katika gereji moja mtoto alipata masomo mawili: kitu kilichoharibika kinafunguliwa na kutengenezwa, na kitu kizuri ni kizuri mpaka ndani. Maisha yake yote alivutwa zaidi na somo la pili.

Nafasi nane ao mbili?

Tarehe 1 aprili 1976, Jobs alianzisha kampuni ya Apple pamoja na rafiki yake Steve Wozniak na Ronald Wayne. Wozniak ndiye aliyekuwa na akili ya kuchora mashini. Jobs alijua kuiuza, na alijua namna inavyopaswa kuonekana mezani kwa mtu.

Walipotayarisha kompyuta yao ya pili, Apple II, hawakusikilizana. Wozniak alitaka iwe na nafasi nane za ndani za kuchomeka vifaa vingine. Jobs alisema mbili zinatosha: moja ya mashini ya kuchapisha, nyingine ya kuunganisha na simu. Wozniak alikataa kabisa, na siku hiyo ni yeye aliyeshinda.

Apple II ilitoka mwaka wa 1977 ikiwa na nafasi zake nane, na mfuniko unaoinuliwa kwa mkono. Matokeo yalionekana upesi. Mwaka wa 1978 chombo cha kusoma diski kilichomekwa katika nafasi hizo. Mwaka wa 1979 ikatoka VisiCalc, programu ya hesabu iliyohitaji diski na memoari nyingi, na wafanyabiashara wakaanza kununua kompyuta kwa ajili yake. Waliokuwa na mashini ya zamani hawakulazimika kuitupa: waliiongezea nguvu. Apple II iliendelea kuuzwa mpaka mwaka wa 1993.

Mfuniko unafungwa

Jobs hakubadilisha mawazo. Kwa Apple III, iliyotoka mwaka wa 1980, alikataa isiwekwe feni, kwa sababu hakupenda kelele. Mashini za kwanza zilipata joto kupita kiasi, zikaharibika, na kampuni ikalazimika kubadilisha maelfu.

Kisha ikaja Macintosh, tarehe 24 januari 1984. Ilikuwa ndogo, ya kupendeza, na mtu aliyeogopa kompyuta aliweza kuitumia kwa kusukuma kipanya tu. Bei yake ilikuwa dola 2.495. Ndani yake mlikuwa memoari ya kilobaiti 128 tu, iliyochomelewa kwenye kibao, bila nafasi hata moja ya kuongezea. Visi za kufunga kasha zilikuwa za aina isiyo ya kawaida, zikihitaji turnevisi ndefu ambayo watu wengi hawakuwa nayo.

Wahandisi wake walijua memoari hiyo haitatosha. Burrell Smith, aliyechora kibao cha mashini, alijaribu kuacha njia ya kuongezea vifaa akiificha chini ya jina lingine, kama mlango wa kupimia mashini. Njama ikajulikana, mlango ukaondolewa. Hata hivyo alifaulu kupitisha jambo moja: nyaya zilizoruhusu memoari kuongezwa mara nne baadaye. Miezi michache tu kisha mashini kuanza kuuzwa, Apple yenyewe ilitoa Macintosh ya kilobaiti 512.

Jambo moja linaonyesha moyo wa Jobs. Alitaka majina ya watu waliotengeneza Macintosh yachorwe ndani ya kasha, kama wachoraji wanavyotia sahihi kazi yao. Alitia sahihi za fundi katika sanduku ambalo mwenye kulinunua hakutakiwa kulifungua. Somo la baba lilikuwa pale, lakini nusu yake.

Mauzo yalishuka, ugomvi ukaingia katika uongozi, na mwezi wa septemba 1985 Jobs akaondoka katika kampuni aliyoianzisha. Bila yeye, Apple ilitoa mwaka wa 1987 Macintosh II, yenye nafasi sita za kuongezea vifaa.

Kurudi, na bahasha

Jobs alianzisha kampuni ingine, NeXT, na kununua ile ya filamu za kuchora iliyokuja kuitwa Pixar. Mwaka wa 1997 alirudi Apple, ambayo ilikuwa karibu kuanguka. Mwaka uliofuata ikatoka iMac ya rangi, na kampuni ikapumua.

Itakuwa kumwonea kusema kwamba alichukia kila mfuniko unaofunguka. Mwaka wa 1999, chini ya uongozi wake, Apple ilitoa kompyuta ya mezani, Power Mac G3, ambayo ubavu wake ulishuka kama mlango, na kila kitu cha ndani kikaonekana. Hata laptopu zake za miaka ile zilikuwa na batri ya kutoa kwa mkono. Lakini kila mara wembamba ulipogongana na mlango, mlango ndio uliopoteza.

Tarehe 15 januari 2008, mbele ya watu huko San Francisco, Jobs alichukua bahasha ya karatasi kama zile za ofisi, akatoa ndani yake kompyuta nzima. Ilikuwa MacBook Air: unene wa santimita 1,94 mahali penye unene zaidi, uzito wa kilo 1,36. Watu walipiga makofi. Memoari yake ya gigabaiti 2 ilikuwa imechomelewa, batri haikuwa na mlango, chombo cha kusoma CD hakikuwepo, na tundu la USB lilikuwa moja tu. Bei: dola 1.799.

Kampuni zingine zilifuata njia hiyo. Kufikia mwaka wa 2011, Intel ilikuwa ikizisukuma zitengeneze laptopu nyembamba za namna ileile.

Nani anapata, nani analipa

Jobs alikuwa na sababu. Mlango wa batri, kasha lake na vishikio vyake vinakula nafasi. Ukiviondoa, nafasi hiyo inajazwa na batri kubwa zaidi. Mwaka wa 2009 Apple ilitangaza laptopu ya inchi 17 yenye batri ya kufungwa, inayoweza kufikia saa nane na kuchajiwa mara elfu moja. Memoari iliyochomelewa haitikisiki katika safari. Tena watu wengi hawafungui kompyuta yao hata siku moja.

Lakini hesabu hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza, anayebadilisha mashini kila miaka michache. Mnunuzi wa pili na wa tatu wana hesabu nyingine. Kwao, memoari inayoweza kuongezwa ni miaka mingine ya kazi kwa feza kidogo. Memoari iliyochomelewa ikikufa, kibao kizima kinakufa nayo, na bei ya kibao mara nyingi inazidi bei ya mashini yenyewe. Wembamba uliopigiwa makofi San Francisco unalipwa na mtu ambaye hakuwa katika ukumbi ule.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, kuna malipo mengine. Risasi ya kuchomelea vifaa hivyo, sehemu yake kubwa ni bati, na bati hutoka katika kasiterite kama ile inayochimbwa Walikale. Tantali inayotoka katika koltani, kama ile ya Rubaya katika Masisi, huingia katika vifaa vidogo vya kutunza umeme kwenye vibao. Kila mashini inayotupwa mapema inaomba ingine, na ingine inaomba madini mapya. Julai 2010, Jobs akingali kiongozi wa Apple, Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao vinatoka Kongo ao inchi jirani. Sheria hiyo iliuliza madini yanatoka wapi. Haikuuliza mashini itadumu miaka mingapi.

Kisha kifo chake

Ugonjwa wa kansa ya kongosho, uliogunduliwa mwaka wa 2003, ulimlazimisha Jobs kuacha uongozi tarehe 24 agosti 2011. Alikufa majuma sita kisha hapo, huko Palo Alto. Mwaka uliofuata, laptopu ya Apple iliyokusudiwa mafundi wa kazi nzito ilitoka nayo ikiwa na memoari iliyochomelewa na batri iliyobandikwa kwa gundi.

Leo upepo unageuka kidogo. Mwaka wa 2022 Apple ilianza kuwauzia wateja wa Marekani vipuri na vyombo vya kujitengenezea mashini zao. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayopanga kwamba, kuanzia tarehe 18 februari 2027, batri za vyombo vya kubeba ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Swali ambalo Wozniak na Jobs walibishania kabla ya 1977 bado liko mezani.

Tukumbushe kwamba mwenye kununua laptopu anaweza kujikinga kabla ya kutoa feza: aulize kama memoari imechomelewa, kama diski inabadilishika, na kama batri inapatikana mjini. Kama memoari imechomelewa, ni heri achukue tangu mwanzo ile yenye memoari kubwa, maana hatapata nafasi ya pili.