Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar aliyesimama mpakani mwa roki ngumu na hevi metali

Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar na kufariki dunia mjini London mwaka 1991, hukumbukwa zaidi kwa sauti yake kuliko kwa nafasi yake katika mjadala ambao wapenzi wa gitaa la umeme hawajaumaliza kwa zaidi ya nusu karne. Mjadala huo ni huu: roki ngumu inaishia wapi, na hevi metali inaanzia wapi? Bendi yake ya Queen ni miongoni mwa zile zilizoufanya mpaka huo uwe mgumu kuchorwa, kwa sababu iliuvuka mara nyingi, wakati mwingine ndani ya wimbo mmoja.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, wakati Zanzibar ikiwa chini ya Sultani na ulinzi wa Waingereza. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat nchini India na wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu. Mwaka 1952 alizaliwa dada yake, Kashmira.

Akiwa na umri wa miaka 8 hivi, Farrokh alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, nchini India. Huko ndiko alikojifunza piano, alikoanza kuitwa Freddie, na alikopiga muziki na wanafunzi wenzake katika bendi iliyoitwa The Hectics. Alirejea Visiwani mwaka 1963. Hakukaa sana. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali ya Sultani, na familia ya Bulsara, kama familia nyingi za Kiasia na Kiarabu, iliyaacha makazi yake na kuhamia Uingereza. Ilifikia Feltham, kitongoji kilicho magharibi mwa London.

Kijana mhamiaji na gitaa la Hendrix

Nchini Uingereza Freddie alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing na kuhitimu mwaka 1969. Wakati huo mwanamuziki aliyemvutia kuliko wote alikuwa Mmarekani mweusi Jimi Hendrix, ambaye alimchora mara nyingi. Hendrix alikuwa amelifanya gitaa la umeme livume, likwaruze na kulia kwa namna ambayo wasikilizaji hawakuwa wameizoea, ingawa mizizi yake ilibaki katika bluu, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi.

Kutoka katika shina hilo la bluu ndiko yalikochipuka matawi mawili yanayogombaniwa hadi leo. Bendi ya Led Zeppelin ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1969. Mwaka uliofuata Deep Purple ilitoa albamu yenye makelele makubwa kuliko kazi zake za awali, na mwezi Februari wa mwaka huohuo wa 1970 ilisikika kwa mara ya kwanza albamu ya Black Sabbath, kundi la vijana wa Birmingham, mji wa viwanda. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akatumia nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zilitoa sauti nene na ya chini. Wanahistoria wengi wa muziki huhesabu kwamba hevi metali ilizaliwa hapo.

Tofauti kati ya matawi hayo haiko katika ukubwa wa sauti peke yake. Roki ngumu hubakiza mwendo wa bluu: ngoma zinabembea, mwimbaji anapewa nafasi ya kucheza na maneno, na mada zake mara nyingi ni mapenzi, safari na starehe za usiku. Hevi metali huupunguza mbembeo huo au kuuacha kabisa. Gitaa hurudia kipande kimoja kizito kama nyundo, ngoma hufuata kwa ukali uleule, na maneno husimulia vita, mauti, mazimwi na hofu ya mwisho wa dunia. Hata jina lenyewe halikuanzia kwenye muziki wa namna hiyo. Wimbo wa bendi ya Steppenwolf uliovuma mwaka 1968 uliyatumia maneno hayo kueleza ngurumo ya pikipiki.

Queen kati ya pande mbili

Mwaka 1970 Freddie alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen na kuichorea nembo, na wakati huohuo akajichagulia jina la Mercury. Mpiga besi John Deacon aliingia mwaka 1971, na albamu ya kwanza ikatoka Julai 1973.

Wanaoihesabu Queen kuwa jirani wa karibu wa hevi metali huanza na miaka hiyo. Katika albamu ya pili, iliyotolewa Machi 1974, Mercury aliandika wimbo kuhusu vita vya mazimwi, wenye mwendo wa kasi na gitaa zito. Katika albamu ya tatu, mwezi Novemba mwaka huohuo, ulikuwemo wimbo Stone Cold Crazy, wenye urefu wa zaidi kidogo ya dakika 2. Gitaa lake linakimbia, ngoma zinalikimbiza, na Mercury anayatema maneno pasipo kupumzika. Miaka kumi baadaye mwendo wa namna hiyo ulikuwa alama ya vijana wa California waliopiga hevi metali ya kasi.

Hata hivyo, albamu hiyohiyo ilikuwa na wimbo mwepesi wa piano, Killer Queen, uliowafungulia milango ya umaarufu. Mwaka 1975 ulifuata Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 unaoanza kwa sauti za kwaya na piano, ukaingia katika opera, ukalipuka kwa gitaa zito, kisha ukatulia. Ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 9. Je, wimbo huo ni wa roki ngumu kwa sababu ya piano na uchezaji wake, au ni wa hevi metali kwa sababu ya kipande kile cha gitaa ambacho hadi leo huwafanya wasikilizaji watikise vichwa?

Wapenzi wakali wa hevi metali huikataa Queen kwa hoja yenye uzito. Wanasema bendi inayopiga leo gitaa zito, kesho wimbo wa densi, na kesho kutwa opera, haina uaminifu ambao hevi metali huudai. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 1980, Queen ilipovuma nchini Marekani kwa wimbo Another One Bites the Dust, uliojengwa juu ya besi ya densi. Kwa msikilizaji anayeijua taarab, ambayo imekusanya udi, fidla, mahadhi ya Kihindi na mashairi ya Kiswahili bila kuona haya, mchanganyiko kama huo si ajabu wala si kosa.

Lililo kosa lilikuwa jingine. Mwaka 1984 Queen ilipiga muziki Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi na licha ya mgomo wa kitamaduni uliotangazwa dhidi ya utawala huo. Ililaumiwa vikali, na doa hilo halikufutika kwa urahisi, hasa kwa Waafrika waliojua kuwa mwimbaji wake alizaliwa barani kwao. Julai 1985, katika tamasha la Live Aid la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, dakika zake 21 hivi katika uwanja wa Wembley zilihesabiwa kuwa kilele cha siku hiyo.

Uamuzi wa majaji na wa wanamuziki

Ugumu wa mpaka huo ulionekana wazi mwaka 1989, tuzo za Grammy za Marekani zilipoweka kwa mara ya kwanza tuzo moja kwa ajili ya roki ngumu na metali kwa pamoja. Wengi walitarajia Metallica ishinde. Tuzo ikaenda kwa Jethro Tull, bendi inayojulikana kwa filimbi, na lawama zikawa nyingi. Mwaka uliofuata tuzo hiyo iligawanywa kuwa mbili. Mwaka 1991 tuzo ya metali ilichukuliwa na Metallica, na wimbo ulioipatia ushindi ulikuwa Stone Cold Crazy, ule wa Queen wa mwaka 1974. Wimbo uliotoka katika bendi ya roki ngumu ulikuwa umevikwa taji la upande wa pili, tena maneno na mahadhi yake yakiwa yaleyale kwa sehemu kubwa.

Mercury alikuwa tayari mgonjwa. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na siku iliyofuata akafariki dunia nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 45. Mazishi yake yaliendeshwa kwa taratibu za Kizoroasta, dini ya wazazi wake.

Tarehe 20 Aprili 1992 maelfu ya watu walijaa Wembley kumuaga. Jukwaani walipanda Robert Plant wa Led Zeppelin, Tony Iommi wa Black Sabbath, Metallica, Def Leppard na Guns N' Roses. Stone Cold Crazy uliimbwa na James Hetfield wa Metallica, akipigiwa na Iommi pamoja na wanamuziki waliobaki wa Queen. Mfuko wa Mercury Phoenix Trust, uliotokana na kumbukumbu hiyo, unaendelea kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI.

Zanzibar nayo ilichelewa kuamua imweke wapi mwanawe huyo, ambaye enzi za uhai wake hakupenda kukizungumzia kisiwa alikozaliwa. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya kundi la Kiislamu kuipinga kwa sababu za maadili. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, na wageni huingia humo kutazama picha za mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh.