Zamenhof: Daktari wa macho aliyetunga lugha nzima

L. L. Zamenhof alizaliwa 1859 Białystok, Poland ya leo, mji ambao Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani walikuwa hawapatani. Akaona dawa ni lugha isiyo ya kabila lolote.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 27 tu, alitoa kitabu cha Kiesperanto jijini Warsaw. Herufi 28, kila moja na sauti yake, hakuna kubahatisha. Maneno nayo unaunga mwenyewe: ‘bona’ ni nzuri, weka ‘mal’ mbele, ‘malbona’ ni mbaya. ‘Patro’ ni baba, ‘patrino’ ni mama.

Alifariki 1917. Baadaye watoto wake wote watatu, Wayahudi kama yeye, waliuawa na Wanazi. Lugha yake bado inazungumzwa.