Dkt. Michael DeBakey: Tabibu wa Houston Mwenye Asili ya Lebanon

Marehemu Dkt. Michael DeBakey alizaliwa tarehe 7 Septemba 1908, Lake Charles, Louisiana, Marekani. Wazazi wake walitoka Lebanon, na jina la ukoo lilikuwa Dabaghi. Baba alikuwa na duka la dawa. Mama alimfundisha kushona, na ukubwani akaja kushona kwa cherahani mishipa ya damu ya bandia.

Mwaka 1939, yeye na mwalimu wake Alton Ochsner waliandika kuwa wagonjwa wao wengi wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji sigara. Wengi hawakuwasadiki, kwani walitazama wagonjwa tu, bila ya wazima wa kulinganisha nao. Hoja ilipata nguvu mwaka 1950, watafiti wa Uingereza na Marekani walipolinganisha mamia ya wagonjwa na wasiokuwa na saratani hiyo.

Mwaka 1948 alihamia Houston, Texas. Agosti 1953 alimpasua dereva wa basi la shule aliyekuwa na dalili za kiharusi, akamzibua mshipa wa shingo. Bwana yule aliishi miaka 19 zaidi bila ya kupata kiharusi.

Je, hiyo yatosha kuwa hoja? La. Mmoja akipona, hatujui angekuwaje bila ya kupasuliwa. Jibu la uhakika lilikuja mwaka 1991. Huko Amerika ya Kaskazini, wagonjwa 659 ambao mishipa yao ilikuwa imeziba sana waligawiwa kwa kura mafungu mawili: wote walipewa dawa, lakini fungu moja lilipasuliwa pia. Katika miaka miwili, kiharusi cha upande ule kiliwapata 26 katika kila 100 wa dawa peke yake, na 9 katika kila 100 waliopasuliwa. Utafiti wa Ulaya mwaka huohuo ulionesha kuwa walioziba kidogo hawakunufaika na kisu. Hilo dereva mmoja asingeweza kutufundisha.

Mwaka 2006, akiwa na miaka 97, DeBakey mwenyewe alipasuliwa mshipa mkuu wa damu kwa njia aliyoianzisha. Alifariki Houston tarehe 11 Julai 2008.

Basi ukiletewa ujumbe kwenye simu, uwe umetoka Muscat, Unguja au Arlington, kuwa fulani alikunywa dawa akapona, kabla ya kumpa mzee wako uliza: wamejaribiwa wangapi, wamelinganishwa na nani, na nani aliyewagawa?